Makopo Mawili ya Mama Mapasa

Baridi ya mwezi wa sita ikianza kuuma hapa Likasi, wajukuu wangu wanajua kazi inawangoja. Makopo yote ya barazani lazima yaingie ndani: chini ya meza, juu ya kabati, nyuma ya mlango, na mawili, yale mawili, karibu na kitanda changu. Wananung'unika. "Nkambo, tutalala na miti?" Mtalala na miti! Asiyetaka akalale kwa mama yake. Halafu nasimama mlangoni kuwaangalia wakibeba, na ole wake atakayevunja tawi. Mimi si bibi mkali, waulizeni majirani, lakini kwa majani yale sina masihara.

Ni majani tu, sikatai. Hayazai tunda, hayaliwi, na ua lake ni kijiti cha buluu kisicho na maana ambacho ukikiacha kinaunyonya mmea mpaka unakonda. Uzuri wake wote uko kwenye jani lenyewe: jekundu lenye ukingo wa kijani, la njano lenye madoa ya zambarau, jingine rangi ya divai iliyomwagika. Wenye vitabu wanauita koleusi. Sisi wanawake wa kambi ya wafanyakazi tuliuita kikwembe, kwa sababu kila jani limechapwa rangi kama kitambaa cha kujifunga kiunoni. Ukiwa na vikwembe vizuri mbele ya nyumba, hata kama kiunoni umejifunga kilichochakaa, watu wanakuamkia kwa heshima.

Mimi sikuyajua hayo yote. Nililetwa hapa nikiwa bibi arusi, kutoka kijiji cha wavuvi kando ya ziwa Tshangalele, wakati mji huu ungali ukiitwa Jadotville. Mume wangu alikuwa akiunga vyuma kwenye ateliye, karakana ya kampani ya shaba, na kampani ilitupa nyumba ya matofali katika mstari mrefu wa nyumba za matofali, zote sawa, mpaka wiki ya kwanza niliingia mara mbili nyumba ya watu. Mara ya pili nilimkuta mwenyewe amekaa kwenye kigoda, anawaogesha watoto wawili katika beseni moja. Hakushtuka. Alisema, "Karibu, mwane. Nyumba yako ni ile ingine. Lakini ukae kwanza."

Huyo ndiye Mama Mapasa. Kwetu mwanamke akizaa mapacha, jina lake la zamani linakwisha siku hiyohiyo. Anakuwa Mama Mapasa mpaka kaburini. Wazazi wake walitoka Kasai, mkoa mwingine wa mbali, baba yake aliletwa kuchimba shaba, naye alizaliwa hapahapa kambini. Mume wake alikuwa karani, mtu mpole, suruali yake ina mkunjo hata Jumapili jioni. Mapacha wao walikuwa wasichana, wameanza tu kutembea. Nilimwita yaya, yaani dada mkubwa, naye alikubali kuwa yaya wangu bila kuombwa mara mbili.

Urafiki wetu ulianza kwa aibu yangu. Ukutani kwake kulikuwa na makopo ya mafuta ya mawese yamepangwa, kila kopo lina vikwembe, na mimi mtoto wa ziwani nilijua jani ni la kwenda chunguni. Nikamwuliza kwa adabu zote, "Yaya, hii majani banapikaka namna gani?"

Mama yoo! Mwanamke alicheka mpaka akashika ukuta. "Haiko ya kupika, mwane. Hii iko ya kuangalia."

"Ya kuangalia! Na tumbo, linaangalia pia?"

Jioni ile hadithi ilikuwa imefika bombani, ambako tulikuwa tunapanga mstari wa maji. Kuanzia hapo nikaitwa Mpika-Vikwembe. Wanawake wengine walikuwa wakinipa salamu, halafu wananiuliza kama mboga imeiva. Nilikasirika, nikanuna, halafu nikaona kununa hakunisaidii, nikaamua kujifunza. Nikamwambia yaya, nipe tawi moja, utaona.

Alinifundisha kama mtu anayefundisha kulea. Jua la asubuhi ni zuri, la mchana linafuta rangi. Udongo wetu mwekundu ni mzito, uchanganye na majani yaliyooza na samadi ya kuku iliyokaa. Moshi wa kiwanda ukishuka siku hakuna upepo, osha majani kwa maji safi, moja moja, kwa kidole. Na usikionee huruma kichwa cha mmea: kila kikirefuka, kata ncha, ndipo kitoe matawi pembeni. Hilo ndilo lilinishinda. Kukata kitu kizima, kizuri, ambacho hakijakukosea! Nilikuwa nafumba macho. Ile ncha iliyokatwa unaitia katika bilauri ya maji dirishani, inaota mizizi myeupe, na hapo unapata mmea mwingine, tena si mtoto wake, ni yeye yule. "Hiki hakikufaka," alisema, yaani hakifi, "kama mukono ya kukata ingali."

Alikuwa akigawa matawi kwa kila aliyeomba. Isipokuwa ya makopo mawili. Hayo yalikaa pembeni ya mlango, moja jekundu, moja la njano, na hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa. Chini yake, ardhini, alikuwa amezika vitovu vya mapacha. Jekundu la yule aliyetangulia kutoka, la njano la mdogo wake. Na hapo ndipo nilipojifunza sheria ya nyumba ile: mapacha hawapewi kitu kisicholingana. Ukimpa mmoja hindi, mpe mwenzake hindi, tena la urefu uleule. Ukimchapa mmoja, mguse na mwenzake hata kidogo. Ukimsifu mmoja, msifu na wa pili, la sivyo mmoja atanuna, na pacha akinuna anaweza kuamua kurudi alikotoka. Na makopo vilevile. Kikombe kimoja huku, kikombe kimoja kule. Akikata ncha ya jekundu, anakata ya njano, hata kama ya njano bado fupi.

Siku moja mwanamke wa mstari wa nyuma alifiwa na pacha mmoja. Nilitaka kwenda kulia, maana kwetu msiba bila kilio ni matusi. Yaya alinishika mkono. Alisema kwao pacha hasemwi kuwa amekufa. Wanasema ameenda kukata kuni. Na halii mtu, hata mama mwenyewe, kwa sababu yule aliyebaki akisikia kilio atamfuata mwenzake porini. Tulikwenda, tukakaa, tukasalimia, tukanywa munkoyo, kinywaji cha mahindi, hakuna chozi.

Halafu Katanga, mkoa wetu huu, ikajitenga na Kongo. Sitasimulia siasa, wako wanaume wa kusimulia siasa, na walisimulia mpaka tukachoka. Ninachokumbuka ni bendera mpya, redio zinazopiga kelele siku nzima, na mstari wa bombani ukibadilika. Zamani tulisimama kwa jinsi ulivyofika. Sasa kukawa na wanaosogea mbele na wanaosukumwa nyuma, na wanaosukumwa nyuma ni wale wenye wazazi wa Kasai. Watu waliokuwa wakila bukari, ugali wetu, kwa yaya walianza kupita mlangoni kwake wakiangalia upande wa pili. "Warudi kwao!" Kwao wapi? Nikamsikia mwanamke mmoja, ambaye vikwembe vyake vyote vilitoka mikononi mwa yaya, akisema vilevile, warudi kwao. Nilimjibu. Sitaandika nilichomjibu, maana nimebatizwa, lakini ndoo yake ilimwagika.

Yaya mwenyewe hakubishana na mtu. Aliniambia tu, "Miye, balinizala mu hii kambi. Kule sijui hata barabara."

Jioni moja mume wake alirudi bila kofia na shati lake limechanika. Hakutaja waliompiga, wala hatukuuliza. Kesho yake asubuhi walikuwa wanafunga mizigo kwenda kituo cha treni, na waliokuwa wanakwenda ni wengi, mabehewa hayatoshi, kila mtu anabeba anachoweza kukumbatia. Yeye alikuwa na mapacha, mmoja mgongoni na mmoja kifuani. Mikono ikabaki miwili, ya sufuria na blanketi.

Alikuja kwenye ua wa lupango, kiwanja cha nyumba yangu, na makopo yale mawili. Akanipitishia jekundu kwanza, halafu la njano. Vitovu vilibaki palepale ardhini, hivyo havichukuliki.

"Ukimupa huyu mayi, umupe na mwenzake," alisema.

"Najua, yaya."

"Baridi ikikuja, uingize mu nyumba. Bote babili."

"Najua."

"Hata kimoja kisikufe, mwane. Nitarudia kuvichukua."

Nilimwapia. Watoto walikuwa wananiangalia, macho manne, mmoja juu ya bega lake na mmoja chini ya kidevu. Nilikata kipande cha mkate katikati, nikapima kwa macho, nikawapa. Halafu wakaenda, nami nikabaki nimekumbatia makopo.

Padri alikuwa ametufundisha kwamba miti haibebi roho za watu, na mimi nilikubali, Jumapili. Lakini ninyi mngepewa makopo hayo, mngelala? Kila asubuhi kabla ya kuwasha moto nilikuwa nayaangalia. Kikombe huku, kikombe kule. Katika nyumba ya yaya waliingia watu wengine, na yule mama mpya akauliza kwa nini nalea majani ya watu waliofukuzwa. Nikamwambia ajihadhari, mimi ndiye Mpika-Vikwembe, na nikikosa mboga napika majirani.

Mwezi wa sita ulipofika niliyaingiza ndani mapema. Jekundu halikujali. Lilisimama pale na mabega yake mapana kama mtu aliyeshiba. La njano likaanza kuangusha majani. Moja asubuhi, moja jioni, halafu shina likawa jeusi chini, laini, linanuka. Nikaona mtoto mdogo wa yaya mahali fulani nisipopajua, ana homa, na mimi ndiye ninayemwachilia.

Weusi ulikuwa unapanda. Nikachukua kisu, nikakata juu ya weusi, ikabaki ncha fupi kama kidole gumba yenye majani manne. Nikaitia katika bilauri. Halafu nikageukia jekundu, zima, zuri, limejaa matawi. Nikalikata nalo. Lote. Nikabakiza ncha ya urefu uleule, majani manne, katika bilauri ya pili.

Mume wangu alirudi kazini akakuta rundo la majani mekundu sakafuni. "Weye muke! Ile nyekundu ilikukosea nini?"

"Haikukosea. Mwenzake anaumwa."

"Kwa hiyo unaua muzima?"

"Siui. Nalinganisha."

Alikaa chini, akavua viatu. Alikuwa mtu wa chuma, anapenda kitu kipimwe na kieleweke. Akasema ndugu zake walimwonya kuhusu wanawake wa ziwani. Nikasema ndugu zangu nao walinionya kuhusu wanaume wasioamkia mtu wakiingia ndani. Tukacheka, lakini mimi sikucheka sana. Usiku ule yeye mwenyewe ndiye aliyesogeza mbabula, jiko letu la makaa, karibu na dirisha, ili bilauri zisipoe.

Jekundu likaota mizizi mara moja, kama kawaida yake. La njano, kimya. Nilibadilisha maji, nilisema nalo, nililitukana. Mizizi ya jekundu ikajaa bilauri ikazunguka, linataka udongo, nami nalinyima, maana nimesema yatapandwa pamoja. "Ngoja mwenzako," nikaliambia. Mpaka asubuhi moja nikaona kwenye shina la njano kinundu cheupe, kidogo kama punje ya chumvi. Nilipiga kigelegele peke yangu. Yule mama mpya akaja mbio akidhani nina mimba.

Yalipona, yakapandwa siku moja, yakashika. Baridi iliyofuata ikapita salama, mvua zikarudi. Halafu vita vikatukaribia. Ndege zilipita juu, watu walisema daraja la Lufira litavunjwa, na mume wangu akanipeleka kwa mama yangu ziwani pamoja na wanawake wengine. Makopo ni mazito, safari ni ya miguu na baiskeli. Nikakata ncha mbili, nikatoboa kipande cha shina la mgomba, ambalo lina maji ndani, nikazichomeka humo ubavu kwa ubavu, nikafunga kwa kitambaa. Mama yangu alitupokea akafungua mzigo wangu wa kwanza. "Bantu banakimbia na bintu, weye unakimbia na majani?" Nilimwomba udongo wa pwani ya ziwa na vyungu viwili vya ukubwa mmoja.

Vita vilipokwisha na bendera ile kushushwa, nilirudi na majani yale, nikayapanda tena katika makopo yake, mabichi, yametanuka, hakuna lililompita mwenzake hata kwa jani moja. Wanawake wa bombani walikuja kuangalia. Hata yule niliyemmwagia ndoo. Aliniomba tawi, nikamwambia haya hayagawiwi, yana mwenyewe.

Kila treni ilipopiga honi nilikuwa nasimama. Ninajua si vizuri kusema hivyo, mtu ana kazi zake, lakini nilisimama. Nilitaka anione. Nilijitayarisha hata maneno ya kumwambia: yaya, angalia, uliniachia wawili, shika wawili. Nilikuwa na kiburi, naam. Ni nani mwingine katika mji huu aliyeachiwa kitu na jirani wa Kasai akakirudisha kamili?

Mahindi mabichi yalikuwa yameanza alipokuja. Nilikuwa nimechutama kwenye mbabula nachoma, nikasikia sauti kwenye ua: "Mpika-Vikwembe yupo?" Nilipiga kelele hata sikuangalia nyuma. Niliruka, nikachagua mahindi mawili, nikayalinganisha moja juu ya jingine, nikavunja ncha ya lile refu ili yawe sawa, nikatoka nayo mbio, moja kila mkono.

Alikuwa amekonda. Mume wake alikuwa nyuma yake na mzigo kichwani. Mbele ya miguu yake alisimama msichana mmoja.

Nikaangalia mgongoni kwake. Nikaangalia nyuma ya mume wake, barabarani, mpaka kwenye kona. Nikadhani mwingine amebaki nyuma anacheza.

"Ni mudogo huyu," yaya alisema. "Yaya yake ameenda kukata kuni."

Mkubwa. Wa jekundu! Lile ambalo halikuwahi kuumwa hata siku moja, lililosimama na mabega yake, ambalo mimi sikulihofia kamwe. Nilikuwa nimepigana na kifo mahali ambapo hakikuwepo. Nilitaka kulia, nikakumbuka sheria ya pacha aliyebaki, na mtoto alikuwa ananitazama usoni aone kama nitalia.

Yaya alinipita akaenda mlangoni, yalipokuwa makopo. Alichutama. Alipitisha kidole kwenye jani jekundu, taratibu, kama anaosha moshi, halafu kwenye la njano. Alitafuta kwa mkono kilele cha hili na kilele cha lile, akaona viko sawa.

"Hapa bangali babili," alisema. Akainuka, akayaacha kwangu palepale.

Mimi nilikuwa nimesimama bado na mahindi. Mkono mmoja nilijua pa kuupeleka. Nikampa mtoto hindi lake. Wa pili ukabaki hewani, nami sikujua, naapa sikujua niufanye nini, niurudishe au niushushe.

Mtoto hakula. Alinyoosha mkono mwingine, akasubiri. Nikampa na lile la pili. Akaenda nalo polepole mpaka kwenye kopo jekundu, akalilaza juu ya udongo, akalisukuma kidogo lisianguke. Ndipo akakaa chini kando yake na kuanza kula la kwake.

Nikaingia ndani. Nilipotoka, mume wa yaya aliniuliza macho yana nini. Nikamwambia ni moshi wa mbabula.